Jibu: Bampa ya kukinga injini ya pikipiki, tundu la chini limepishana

Habari ndugu. Umesema bampa inashika juu ila boliti ya chini haiingii, tundu limepishana kidogo. Mimi niliifunga yangu uani, hapa Chumbageni, nikakwama hapo hapo.

Kwanza, umeshakaza boliti ya juu? Ilegeze. Zishikishe zote kwa mkono, ndipo ukaze kwa zamu. Ukichomoa boliti inayobeba injini, weka jeki na kipande cha ubao chini yake, la sivyo injini inashuka na boliti hairudi. Usikimbilie kupanua tundu!

Paka grisi kwenye meno ya boliti. Upepo wa bahari huku Tanga unakula chuma.

Kisha geuza usukani hadi mwisho, kandamiza shokapu za mbele, kanyaga breki, uone kama bampa inagusa popote. Yangu ilikuwa inagusa pedeli, washa mbili (vile vipete vya kuvalisha boliti) zikaisogeza.