Weka hiyo ndimu chini kabla hujaliharibu gari la kopo

Mkuu, usiloweke chochote Jumamosi. Nimesoma kwenye swali lako kwamba gari la kopo la kuchezea alilotengeneza kaka yako unataka kulitoa kutu kwa ndimu, ulipige msasa, ulipulizie rangi nyekundu, ndipo ulipige picha uitie kwenye fremu. Eti fundi picha kakwambia "kitu kichafu hakitoki vizuri". Maneno hayohayo niliuziwa mimi na fundi mmoja wa studio, tena kwa hela yangu. Picha ilitoka safi kweli, ungedhani tangazo la vyombo vya bati.

Kinachomshika mtu kwenye picha ya namna hii ni zile kasoro: maandishi ya kopo la mafuta yaliyobaki nusu, tundu la msumari lililotobolewa kimakosa kando ya lile la ekseli, tairi la kandambili lililolika upande mmoja kwa sababu waya ulipinda. Ndimu inakula kutu na kukuachia bati la kijivu, na usipolikausha mara moja linaanza kutu upya, sasa ya chungwa, haina umri. Msasa ndio balaa kubwa. Maandishi yamechapwa juu ya bati lenyewe, yakishakwanguka hakuna wa kuyarudisha, hata huyo fundi wako bingwa wa usafi. Petroli kwenye matairi nayo usijaribu, raba inavimba na kulegea. Rangi ya kupuliza mara nyingi inang'aa, kwa hiyo kila pembe ya bodi itakupa doa jeupe kwenye picha.

Unachoruhusiwa ni brashi kavu na laini ya inchi moja. Toa vumbi la juu na utando wa buibui. Tope lililoganda kwenye matairi liache, nakuomba.

Kutu inahitaji mwanga wa ubavuni ili mikwaruzo ipate vivuli. Flashi ya simu inapiga kutoka mbele, inafuta vivuli vyote, kutu inabaki kama mchuzi uliomwagika. Zima. Weka gari karibu na dirisha, dirisha liwe kushoto au kulia, na taa ya chumba uizime pia, la sivyo upande mmoja utakuwa wa njano na mwingine wa bluu. Upande wenye giza simamisha karatasi nyeupe ya A4, kama sentimita 20 hivi. Ukipata uwanja wa udongo ni bora zaidi, lakini iwe saa 1 asubuhi au saa 11 jioni. Saa 6 mchana jua liko utosini, kivuli chote kinajificha chini ya gari.

Lala chini, lenzi iwe usawa wa matairi, maana mtoto aliliona kutoka huko na si kutoka kimo chako cha leo. Rudi nyuma kama mita moja, ukuze mara 2. Ukisogea karibu mno pua ya gari inavimba. Gusa tairi la mbele kwenye skrini, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha shusha mwangaza kidogo.

Simu uliyonayo inatosha. Kuhusu fremu na mahali pa kuchapisha uliuliza kitu, ila nilipofika kwenye ndimu sikuendelea kusoma. Rangi ya kupuliza irudishe dukani kama bado hujaifungua.