Mizani ilisema yuko sawa

Mmeuliza wiki hii kama mizani inatosha kumwambia mtu kwamba uzito wake ni wa afya. Kwetu mizani ilisema mdogo wangu yuko sawa kwa karibu miaka miwili, na mimi ndiye niliyeongoza kumsifu.

Alianza vizuri tu. Aliona ameongezeka, akaacha vinywaji vya sukari, akawa anatembea kila jioni. Hapo sina neno. Kisha vyakula vikaanza kupigwa marufuku kimoja kimoja, na kila mwaliko wa kula ukawa na udhuru wake. Akiinuka mezani ni moja kwa moja chooni, na bomba linafunguliwa mpaka mwisho. Mashavu yakamvimba karibu na masikio, tukasema ananenepa uso. Shangazi kila akija: “Umependeza! Unatumia dawa gani?” Aliyeshtuka wa kwanza ni daktari wa meno. Aliona upande wa ndani wa meno ya juu umelika, akamuuliza kwa upole kama huwa anatapika. Asidi ya tumboni ndiyo iliyokuwa ikiyala. Sisi tuliokaa naye meza moja tulikuwa hatujaona kitu.

Ugonjwa huo ni bulimia. Mtu hula kupita kiasi huku akihisi hawezi kujizuia, kisha hujaribu kufuta alichokula: kwa kutapika, dawa za kuharisha, kujinyima au mazoezi ya kujiadhibu. Daktari wa akili Gerald Russell aliueleza mwaka 1979. Anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ilikuwa imepewa jina lake zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, na sishangai, maana anoreksia mara nyingi hukondesha mpaka jirani akauliza kulikoni. Mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida kabisa, huku kutapika kukimshushia madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Hilo huonekana kwenye kipimo cha damu, si kwa kupanda mizani.

Hata BMI, ule uwiano wa uzito na urefu, haukukusudiwa kazi hiyo. Hesabu yake ilitoka kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa hisabati na elimu ya nyota, si tabibu, na alikuwa akimtafuta “mtu wa wastani” katika umati. Siudharau. Uzito ukizidi, kisukari na shinikizo la damu si hadithi za kutishia watoto. Lakini mdogo wangu alikaa katikati ya 18.5 na 24.9, panapoitwa pa kawaida kwa mtu mzima, na alikuwa mgonjwa.

Kilichonitoa tongotongo ni jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Hawakuwa na shida yoyote na maumbo yao, ila walianza kuwaza chakula kutwa, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukasirishwa na mambo madogo. Walipoachiwa kula tena, baadhi yao walikula bila kushiba. Hapo nikajuta kila “jikaze tu” niliyowahi kumwambia mdogo wangu. Kule kula kwake usiku kwa siri, ambako mimi nilikuita uroho, kulikuwa ni mwili ulionyimwa mchana ukidai chake.

Na ndiyo maana tiba yake ilinishangaza. Nilitarajia apewe orodha ya vya kuacha, kumbe aliambiwa ale kwa saa, bila kuruka mlo hata kama jana alikula kupita kiasi. Pembeni alikuwa na vikao na mtaalamu vya kuchambua mawazo yanayomtuma kutapika. Haikunyooka. Alirudi nyuma mara mbili, na mara zote alitueleza mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, haitoshi. Nikihofia mtu sasa namuuliza mambo mengine: analala? Anaweza kula mbele ya watu? Siku yake inaharibika akikosa mazoezi? Habari ya kupungua siizungumzii kabisa, hata kama sifa iko kwenye ncha ya ulimi. Shangazi bado hajaacha. Juzi alimkagua juu hadi chini, akafungua kinywa, na mdogo wangu akamuwahi: “Shangazi, kaa kwanza tule.”