Virusi havionekani, kwa nini dawa ziendelee?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu anayeishi na VVU akipimwa na kuambiwa kuwa virusi havionekani katika damu yake, kwa nini aendelee kumeza dawa kila siku? Nimetoa dawa dirishani katika kliniki ya huduma na matunzo, ambayo wengi tunaiita CTC, kwa miaka mingi, na swali hili nimeulizwa na watu wenye matumaini, waliochoka, na mara nyingine wenye hasira. Jibu la mkato ni kwamba virusi havionekani kwa sababu dawa zimo mwilini. Mtu anayetaka kuelewa halimtoshi, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kipimo cha wingi wa virusi huangalia damu inayozunguka, na idadi ikishuka chini ya nakala 50 katika mililita moja, kwa kawaida majibu huandikwa kuwa havionekani. Kipimo hicho hakifiki kwenye baadhi ya seli za CD4 (seli za kinga ya mwili ambazo VVU hushambulia) zilizopumzika, ambamo vinasaba vya kirusi vimejipachika katikati ya vinasaba vya binadamu na vinaweza kukaa miaka mingi bila kutoa kirusi hata kimoja. Dawa tulizonazo huzuia kirusi kujizidisha, lakini hazina namna ya kuking'oa kile kilicholala. Zikikoma, baadhi ya seli hizo huamka, na kwa watu wengi virusi huanza kupimika tena ndani ya wiki chache. Huko Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 alianzishiwa dawa katika siku za kwanza kabisa za maisha yake, kisha zikaachwa alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Virusi havikuonekana kwa zaidi ya miaka miwili, na tayari watu walikuwa wanazungumzia kupona. Mwaka 2014 virusi vilirudi.

Wazo la kuwapumzisha wagonjwa lilikwisha kujaribiwa kwa uangalifu. Utafiti wa SMART, uliohusisha watu zaidi ya 5,000 katika nchi 33, uliwasimamishia baadhi yao dawa kila CD4 zao zilipokuwa nyingi, kwa matarajio kwamba mwili ungepata nafuu ya madhara ya dawa. Mwaka 2006 usajili na mapumziko hayo vilisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopumzishwa waliugua magonjwa nyemelezi na kufa zaidi kuliko walioendelea, na hata matatizo ya moyo, figo na ini, ambayo wengi wetu tulidhani yanaletwa na dawa, yaliongezeka kwa walioziacha.

Kuna sababu nyingine, nayo inatokana na jinsi dawa hizi zilivyopangwa kuwa mseto. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 ikitumika peke yake, na nafuu yake haikudumu. Kimeng'enya ambacho kirusi hutumia kujinakili hukosea mara kwa mara na hakijisahihishi. Kwa mtu asiye kwenye dawa, virusi vipya karibu bilioni 10 huzalishwa kwa siku, kwa hiyo karibu kila kosa moja linalowezekana hutokea. Kwa lamivudine, dawa nyingine ya VVU, badiliko moja tu katika kirusi linatosha kuidhoofisha. Kirusi kimoja kupata kwa pamoja mabadiliko ya kukwepa dawa tatu zenye nguvu ni jambo gumu mno, na ndiyo maana mseto wa dawa tatu uliotangazwa mwaka 1996 ulibadilisha kabisa hali ya wagonjwa. Kidonge cha TLD kinachotumiwa sana leo hapa Tanzania kimebeba tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kwa hiyo anayemeza kidonge kimoja anameza dawa tatu.

Sasa tazama kinachotokea mtu anapomeza leo, akaruka siku tatu, akarudi. Dawa hazitoki mwilini kwa mwendo mmoja. Tuliokuwa kazini wakati mseto ulipokuwa na efavirenz, kabla ya dolutegravir, tunalijua hili vizuri: lamivudine ilikuwa ikipungua mapema, efavirenz ikabaki siku nyingi ikipambana peke yake, na virusi vikapata nafasi ya kujifunza kuikwepa. Ni vigumu zaidi kwa virusi kuizoea dolutegravir, lakini haina kinga ya milele dhidi ya usugu. Kwa mwenye homa ya ini aina ya B kuna hatari ya ziada, kwa kuwa tenofovir na lamivudine huidhibiti nayo, na kuziacha ghafla kunaweza kuuamsha vibaya ugonjwa huo wa ini.

Niseme pia jambo dogo ambalo wateja wengi hawalitaji wasipoulizwa. Vidonge vya magnesiamu vya kiungulia vinavyonunuliwa duka la dawa hupunguza dolutegravir inayoingia mwilini. TLD inywewe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Mjamzito anayetumia FEFO, yaani vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, anaweza kuvimeza pamoja na TLD iwapo anakula chakula wakati huo. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampicin huhitaji dolutegravir ya ziada, saa 12 baada ya kidonge chake cha kila siku.

Nakubali kwamba uchovu wa kumeza dawa ni wa kweli, na mwaka 2011, umati ulipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya, baadhi ya watu waliacha dawa wakiamini wamepona. Sikuona maana ya kuwakemea waliorudi. Anayechoka leo ana njia ambazo hawakuwa nazo: ambaye virusi vyake vimefubazwa na hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa, hadi sita, badala ya kupanga foleni kila mwezi, na katika baadhi ya nchi zipo sindano za cabotegravir na rilpivirine zinazochomwa kila baada ya miezi miwili. Hata hizo ni mseto, na nazo zina tarehe ambayo haipaswi kupitwa.