Avata wangu ana jina lingine, je nawadanganya watu?

*Shikamoo anti. Mi ni mwalimu, naishi Leeds huku Uingereza, jioni nafundisha Kiswahili ndani ya Second Life, ule ulimwengu wa mtandaoni, wanafunzi wanakuja na avata zao, yaani vile vikaragosi vyao vya kwenye skrini, tunakaa kwenye kibaraza nilichojenga mwenyewe tunapiga stori. Akaunti niliifungua 2009, enzi zile jina la kwanza unajitungia halafu la pili unachagua kwenye orodha yao, na jina hilo ndo wote wananijua nalo. Juzi mwanafunzi mmoja kaniambia eti mwalimu wa kweli anatumia jina lake la kweli. Nikamsimulia mume wangu nikidhani atanitetea, naye kasema mtu anayeficha jina ana lake jambo. Nibadilishe au nibaki hivi hivi?*
*Mwalimu wa Barazani*

Marahaba mwanangu, ila kwanza hebu angalia barua yako umeisaini kwa jina gani, nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Nikuulize kitu, anayekuuzia vitumbua ulipokuwa nyumbani ulikuwa unamjua jina? Mi wa kwangu namwita Mama Kitumbua mwaka wa 5 huu, siku ya kwanza namlipa kwa simu likatokea jina refu, majina matatu, hata moja silijui, kidole kikagoma kubonyeza namba ya siri nikamgeuzia skrini, "mama, huyu nani?" akanijibu huku anageuza vitumbua vyake, "si mimi." Basi nikatuma. Sikuona kama nimedanganywa miaka yote ile, vitumbua vilikuwa vyake na nikidai chenji alinipa.

Na wewe ni hivyo hivyo, hilo jina lina miaka mingi mno, lina watu wake na sifa zake, mwanafunzi wa zamani akirudi analitafuta hilo hilo. Tena huko uliko ndo kabisa usione aibu, maana wafanyakazi wa kampuni yenyewe, Linden Lab, wakiwa mle ndani wanatumia jina la pili la Linden, hata mwanzilishi Philip Rosedale alikuwa anatembea mle kama Philip Linden. Na unamkumbuka Anshe Chung aliyetoka kwenye jalada la BusinessWeek, jarida la biashara la Marekani, Mei 2006 kwa biashara ya viwanja vya humo humo? Huyo ni avata, mwenyewe ni Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Ujerumani, na wateja walimwamini kwa jina la avata maana ndilo waliloliona likifanya kazi.

Sasa shemeji hapo nyumbani. Msalimie, halafu mhadithie ya Blizzard, wale wenye gemu la World of Warcraft, Julai 2010 walitangaza kwamba anayetaka kuandika kwenye majukwaa yao lazima jina lake la kweli lionekane, ili watu wawe na adabu, watu wakachachamaa, mfanyakazi wao mmoja akaona awatoe hofu akaweka lake hadharani, loo! Watu wakafukua, mara anuani, mara namba ya simu. Haikuisha wiki, kampuni ikarudi nyuma. Na hao ni wacheza gemu tu, fikiria mwanamke anayefundisha peke yake usiku na mji anaoishi unajulikana.

Lakini sikuambii ufiche kila kitu, hasa kama unachukua ada za watu. Anayekulipa ana haki ya kujua anamlipa nani, muandikie kwenye risiti, na kampuni yenyewe ukitaka kutoa hela kutoka Linden dola, ile pesa ya humo ndani, kuwa dola za kweli inataka jina la kitambulisho, kwa hiyo hapo hakuna wa kumficha. Ukipenda, kwenye profaili kuna sehemu ya maisha ya kweli, weka hapo jina lako moja na kazi yako, anayetaka atafungua asome. Lile linaloelea juu ya kichwa cha avata liache. Najua tangu 2010 waliruhusu kuweka jina lolote la kuonekana na unaweza kulibadilisha baada ya wiki, ila hilo halina mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaruhusiwa kuweka hilo hilo, kesho unakuta "wewe" mwingine anauza masomo kibaraza cha pili. La akaunti ndo la kwako peke yako, wafundishe wanafunzi waangalie hilo.

*Anti, mwanangu wa miaka 11 kajiunga Roblox, ile ya gemu za mtandaoni, mwenyewe, jina la akaunti kaweka lake kamili na mwaka wa kuzaliwa. Nifanyeje?*
*Mama wa Nyali, Mombasa*

Hapa sina mjadala, litoke leo. Usidanganyike na lile jina la kuonekana, hilo kubadili ni bure lakini la akaunti linabaki pale pale chini yake. La akaunti lenyewe kubadili ni Robux 1,000, ile pesa ya humo, na hata ukilipa la zamani bado linaacha alama, mtu akilitafuta anafika kwake. Kama ndo kaanza na hana mali nyingi humo fungueni nyingine, mkae wote wawili mtunge jina, la mnyama, la chakula, lolote lisilo na shule wala mwaka. Atalia kidogo kwa ajili ya nguo za avata. Mnunulie nyingine.

*Nimependana na dada kwenye VRChat, kule watu wanapoongea kwa avata, miezi 4, jina lake la kweli hataki kunipa. Ananipenda kweli?*
*Kijana wa Dodoma*

Moyo wake siujui baba. Miezi 4 kumnyima jina mtu usiyewahi kumuona mi naona ni akili tu, hata binti yangu ningemwambia afanye hivyo, mpigianeni video kwanza mjuane sura. Ila siku akikuomba nauli, hela itumwe kwenye namba "ya kaka yake", hapo lisome vizuri jina litakalotokea kwenye simu kabla hujabonyeza.