Kwa mnaoanza kuongoza ndege: chungeni madeni ya kichwani

Kila kijana anayeingia chumba cha rada, kuongoza ndege akiwa ardhini, huanza na swali moja: mtu mmoja anaweza kushika ndege ngapi? Nami nililiuliza. Baada ya miaka 18 kwenye kiti hiki jibu langu ni kwamba inategemea una madeni mangapi. Ndege 12 zilizojipanga mkia kwa mkia, kasi zikilingana, zinaongozeka vizuri. Ndege 6, moja ikikwepa wingu la radi, nyingine ikiomba njia tofauti ya kutua, ya tatu ikiwa kimya, zitakutoa jasho ndani ya dakika tano.

Deni ni jambo lolote uliloanzisha na hujalifunga. "Subiri, nitakuita" ni deni. Ndege uliyoizuia futi 6,000 ukiwaza kuipandisha ikishapishana na mwenzake, nayo ni deni. Skrini haikuonyeshi hayo, na yakiwa mengi moja litadondoka. Ndiyo maana naandika papo hapo kwenye stripu, yaani kile kipande chenye taarifa za kila ndege, hasa pale ninapojiambia kwamba hili siwezi kulisahau.

Jizoezeni kutoa maelekezo ambayo hata mkisahau, ndege zitabaki salama. Tuseme ndege mbili zinaelekea kukatana njia. Mgeni hujisemea: nitaigeuza hii zikikaribia. Dakika mbili baadaye yuko kwenye simu na sekta jirani. Wewe zitenganishe kwanza kwa futi 1,000, moja juu na nyingine chini, ndipo utafute namna ya kuziachia. Ukisahau hapo, hasara ni mafuta tu.

Kwenye foleni ya kutua, jifunzeni hesabu ya hewa chafukachafuka inayoachwa nyuma na ndege kubwa. Karibu na uwanja kwa kawaida tunatenganisha kwa rada maili 3 za baharini, lakini ndege ya uzito wa kati ikiifuata nzito inahitaji maili 5, na nzito nyuma ya nzito maili 4. Chukua ndege nne, mbili nzito na mbili za kati. Ukizichanganya nzito, kati, nzito, kati, nafasi zako ni 5, 3 na 5, jumla 13. Ukizitanguliza nzito zote mbili, ni 4, 5 na 3, jumla 12. Saa ya msongamano, maili moja hapa na moja pale humwokoa mtu asizungushwe angani. Ila usimrudishe nyuma aliyekwisha kufika kwa ajili ya maili moja, kwa sababu utaongeza maneno kwenye masafa ya redio, na masafa yakijaa umefungwa mikono.

Sasa masikio, na hapa naomba mnisikilize sana. Nikiwa bado chini ya mkufunzi nilimwelekeza rubani ashuke hadi futi 7,000. Akakariri 6,000. Mimi nikasikia 7,000, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nimejiandaa kusikia, na mkono wangu ulikwisha kwenda kwenye stripu inayofuata. Chini yake, kwenye futi 6,000, kulikuwa na ndege ikikatiza. Mkufunzi akanigusa bega: "Kijana, muulize tena." Nilipouliza, rubani alikuwa anapita 8,200. Tangu siku ile, rubani anapokariri, mkono wangu unasimama mpaka amalize.

Maneno yetu makavu nayo yamelipiwa kwa damu. Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, wakafa watu 583. Moja ilianza kuruka bila ruhusa, na onyo lililoweza kuizuia lilimezwa na sauti mbili zilizogongana redioni. Leo neno "kuruka" tunalitamka tu tunapotoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Kwingine kote tunasema "kuondoka". Msilegeze hapo hata kama rubani mnajuana.

Kuomba msaada kusikutie aibu. Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya Überlingen nchini Ujerumani, mwongoza ndege mmoja alikuwa akihudumia meza mbili peke yake huku mwenzake akipumzika na simu kuu ikiwa kwenye matengenezo. Ndege mbili ziligongana, wakafa 71. Mwite mwenzako ungali unajua kila ndege iko wapi, maana ukishapoteza picha ya ndege zako kichwani hutaweza hata kumweleza akusaidie nini. Na rubani akikwambia anafuata kifaa chake cha kuepusha mgongano, usimpe maelekezo mengine ya kupanda wala kushuka mpaka aseme amemaliza.

Makosa mengi niliyoyashuhudia yalikuja foleni ilipokwisha, mtu ameshusha mabega. Kunywa maji, nyoosha mgongo, kisha rudi upitie stripu moja moja. Unapokabidhi zamu, taja madeni yako kwa sauti: nani umemwambia asubiri, nani yuko kwenye kimo ambacho hakukiomba. Kisha usiondoke. Simama nyuma ya kiti, masikio yakiwa bado kwenye masafa, mpaka umsikie mwenzako akiita ndege ya tatu au ya nne bila kukugeukia.