Maswali Yenu: Chuo cha Uhandisi, na Sweta Inayopanuka Yenyewe

*Shikamoo Bi. Nimemaliza kidato cha nne, nataka uhandisi wa mitambo. Baba asema nisome Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapa Tudor, nilale nyumbani. Wenzangu wasema bila JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Juja, sitapata kazi. Nimsikize nani? – Msichana, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Wenzako wanashindania jina la chuo, na Bodi ya Wahandisi Kenya haisajili mtu kwa jina la chuo. Bodi huidhinisha kozi mojamoja, kwa hivyo chuo kimoja chaweza kuwa na kozi iliyoidhinishwa na nyingine ambayo bado. Kabla hujabonyeza chochote kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, ingia ya bodi uitafute kozi yako kwa jina lake kamili. Isipokuwepo, utasoma miaka mitano kisha upate taabu kusajiliwa. Tena soma jina vizuri: Shahada ya Sayansi katika Uhandisi si sawa na Shahada ya Teknolojia. Hiyo ya pili hukutoa mwanateknolojia, ambaye ana bodi yake nyingine. Ni kazi ya heshima, ila usiingie ukidhani ni ile ya kwanza.

Ukikuta kozi za vyuo vyote viwili zimo kwenye orodha ya bodi, mimi niko na babako. Kodi ya chumba Juja si mchezo, lakini sababu yangu kubwa ni kwamba mitambo hujifunzwa kwa kuishika, nawe umezaliwa karibu na kreni za bandari ya Kilindini na mitambo ya umeme ya Kipevu. Anza kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini mapema, maana wanaoitaka ni wengi. Na uende karakana ya chuo siku ya kazi, uwaulize wa mwaka wa nne: mashine ya kukereza chuma mliiendesha wenyewe, au mlisimama kundi zima mkimtazama fundi? Jibu la hapo liamini kuliko tangazo lolote.

*Asalaam aleikum. Kijana wangu ang'ang'ania mekatroniki. Mimi naona ujenzi ndio wenye kazi. Nimlazimishe? – Mzazi, Changamwe*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usimlazimishe. Mekatroniki ni mitambo, umeme na kompyuta katika kozi moja, na viwanda vinavyojiendesha vinataka watu hao. Ila muulize kama anapenda hesabu na fizikia, au amependa tu roboti aliyoiona kwenye simu. Kama ni roboti tu, hata ujenzi utamshinda.

*Dada, namfumia mjukuu wa Limuru sweta. Nilianza na vitanzi 60. Sasa kitambaa kinapanuka, na safu moja imekaza, nyingine imelegea. – Bibi, Likoni*

Hesabu kwanza. Vikizidi 60, umeongeza bila kujua, na mara nyingi ni pembeni: uzi ukipandia juu ya sindano, kitanzi cha mwanzo huonekana viwili. Uvute mbele, chini ya sindano, kabla ya kuanza safu.

Vikiwa 60 bado, basi ni mkono. Wanaoanza huvuta uzi kila wamalizapo kitanzi, wakihofia utafumuka. Haufumuki. Uzungushe kwenye kidole cha mwisho, uupitishe chini ya viwili vya kati, utokee juu ya kidole cha shahada. Vidole ndivyo viuachie kidogokidogo. Kitanzi kipya kikae kwenye unene wa sindano, si kwenye ncha, maana nchani ni kwembamba na hapo ndipo kinapobana. Halafu usiiache kazi katikati ya safu ukainjike chai: ukirudi, mkono umebadilika na alama itabaki.

Safu za kinyume, zile za upande wa nyuma wa kitambaa, hulegea kwa watu wengi. Ikiwa ndizo zako, zifume kwa sindano ya milimita 3.5 na zile za mbele kwa ya 4. Na joto letu hili, kidole kikilowa jasho uzi hunata. Fuma asubuhi, au ukae mbele ya feni. Ukimaliza, ioshe kwa maji baridi na uianike ikiwa imelazwa. Sufu husawazika sana ikioshwa.

*Nianze kwa uzi wa pamba? – Mwanafunzi, Bamburi*

La. Pamba hainyumbuki, kila kosa litaonekana. Anza na sufu au akriliki.

*Mimi nasomea uhandisi wa umeme, na napenda kufuma. Wenzangu bwenini wananicheka. – Kijana, Tudor*

Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na mwanamume, William Lee wa Uingereza, mwaka 1589, miaka minne kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus. Na nyavu zetu, si wavuvi wenyewe wanaozifuma? Subiri wapelekwe mafunzo kwenye mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, wakaionje baridi ya Naivasha. Watakuja kukuagiza sweta, na usiwafumie bure.