Maswali yenu: mjenzi wa Florida aliyeuza jina na ramani

Juzi nilimgusia Arthur Rutenberg, yule mjenzi wa Florida, Marekani, ambaye kampuni yake inajenga nyumba kwa mtindo wa franchaizi, basi meseji zikamiminika. Nimechukua chache tu.

Franchaizi ya nyumba ndo nini sasa? Nyumba si kuku wa KFC.
Hahaa, kweli si kuku. Iko hivi: kampuni mama ina jina, ina ramani na wachoraji, ina bei nzuri kwa wauza madirisha na makabati. Mkandarasi wa mji fulani, mwenye leseni yake na mafundi wake, anaingia mkataba, analipa ada ya kujiunga na baadaye analipia kila nyumba anayojenga kwa jina hilo. Ila biashara ni yake na hasara ni yake, bafu likivuja mteja hasumbuki na makao makuu, anamgongea huyohuyo jirani anayekutana naye sokoni.

Alianzaje huyu mzee?
1953, mji wa Clearwater, ng'ambo ya ghuba kutoka Tampa. Na muda aliuotea kwelikweli! Florida 1950 ilikuwa na watu kama milioni 2.8, kufika 1960 wako karibu milioni 5, wastaafu wamechoka theluji ya kaskazini, maaskari waliopita kambi za huko wakati wa vita vya pili vya dunia wamerudi na familia, na kiyoyozi kimeanza kushuka bei maana bila hicho joto la Agosti kule hulali. Mwishoni mwa miaka ya 60 kampuni yake ikaingizwa kwenye U.S. Home, wale wa kujenga nyumba kwa wingi, ambao nao 2000 walinunuliwa na Lennar, kampuni nyingine kubwa ya ujenzi. Jina lake lakini halikufia humo, likarudi kama franchaizi ya nyumba za oda, siku hizi inaitwa AR Homes.

Oda gani wakati ramani zishachorwa? Si usanii huo?
Nilifikiri hivyo pia. Kumbe ramani ni pa kuanzia tu. Unaingizwa kwenye nyumba ya mfano, imepangwa kila kitu mpaka taulo bafuni na ndimu za plastiki jikoni, unazunguka, ndo unaanza: huu ukuta sogeza, hiki chumba cha mama mkwe kiwe na mlango wa nje, baraza ya bwawa iwe na wavu wa mbu. Mchoraji anabadilisha na bei inabadilika kabla msingi haujachimbwa. Mimi fundi wangu alinichorea kwa penseli nyuma ya mfuko wa saruji, kuhamisha mlango tulijadili ukuta ukiwa umeshafika lenta, kwahiyo sina la kuwacheka.

Kwahiyo yeye ndo mwanzilishi wa kuuza ramani?
Hapana, Sears, wale wenye maduka makubwa Marekani, walimtangulia mbali. Kuanzia 1908 hadi 1940 waliuza nyumba kama 70,000 kwa katalogi! Unachagua picha, unatuma hela, treni inakuletea mbao zimeshakatwa na kupigwa namba, unatafuta mafundi mwenyewe. Walikopesha pia, ndo kilichowatesa, mdororo wa miaka ya 30 ukawafanya wawanyang'anye nyumba wateja wao wenyewe. Tofauti ni kwamba Sears walikuletea mzigo wakaondoka, franchaizi inakuachia mtu.

Vimbunga je?
Hapo mambo yalibadilika kwa nguvu. Kimbunga Andrew, Agosti 1992, kiliangusha nyumba zaidi ya 25,000 kusini mwa Florida, na walipokagua mapaa wakakuta sehemu nyingine mbao zimeshikizwa kwa pini zilizokosa hata boriti, yaani pini imepita hewani! Kanuni moja ya ujenzi kwa jimbo zima ikaanza 2002. Sasa ukuta wa bloku unasimamishiwa nondo na kujazwa zege, paa linafungwa kwa mikanda ya chuma mpaka ukutani, na mkaguzi anakuja kuangalia kabla hamjafunika. Jina kubwa kwenye kibao halikusaidii kama mkaguzi hajasaini.

Wana vyumba vya chini ya ardhi kama kwenye muvi?
Karibu hamna. Ukichimba kidogo tu umekuta maji.